Mto na Mpunga katika Bonde la Kilombero

Tangu kale Wandamba wa bonde la Kilombero walilima kwa kuufuata mto. Mafuriko ya masika yalileta matope yenye rutuba, mpunga ukastawi, na maji yalipopungua samaki walivuliwa madimbwini. Huko China, kwenye delta ya mto Zhujiang, wakulima walifanya mzunguko kama huo kwa mikono yao: majani ya mforosadi yalilisha viwavi wa hariri, kinyesi chao kililisha samaki, na matope ya bwawa yakarudishwa mforosadini.

Reli ya TAZARA, iliyojengwa na Wachina na wenyeji kuanzia 1970 hadi 1975, iliufungulia mpunga wa bondeni njia ya Dar es Salaam. Lakini kilichopakiwa Ifakara hakirudi shambani. Mto ndio uulipao udongo deni lake. Basi atakaye kuufufua ukulima wa kale, Kiberege na jirani zake, kwanza auachie mto njia yake.