Shule iliyofungwa mara mbili lakini haikukufa: konservatwari ya Warszawa

Tukizungumza juu ya shule zetu, maneno yanarudi kila mara kwenye jengo: oditwari ni ndogo, paa inavuja, viti havitoshi. Ni kweli, sikatai. Lakini leo nataka tuulizane: shule ni nini hasa? Ni jengo, ni karatasi ya serikali, ama ni watu? Historia ya shule moja ya muziki huko Polandi inaweza kutusaidia kujibu.

Kwanza munapaswa kujua kwamba Polandi iliondolewa kwenye ramani. Mwaka wa 1795 Urusi, Prusia na Austria zilimaliza kuigawana, na Wapolandi wakakaa miaka 123 bila nchi huru yao wenyewe. Ni ndani ya kipindi hicho konservatwari yao ilizaliwa.

Ilianza mwaka wa 1810 kama shule ndogo ya waimbaji na waigizaji, kazi ya Wojciech Bogusławski, mtu wa tiyatri. Kiisha akaja Józef Elsner. Huyu alizaliwa Silesia na alikulia katika Kijerumani. Kipolandi alijifunza akiwa mtu mzima. Kumbe ni yeye aliyejenga masomo ya muziki ya Wapolandi! Mwaka wa 1821 aliipanga shule upya, na mwaka wa 1826 sehemu ya juu ya masomo iliunganishwa na iniversite ya Warszawa.

Mwaka ule ule aliingia kijana wa miaka 16, Fryderyk Chopin. Alisoma utunzi kwa Elsner miaka mitatu, mpaka 1829. Elsner alimfundisha kanuni zote, lakini alipoona kijana ana njia yake, hakumlazimisha afuate ya mwalimu. Katika ripoti ya mwisho aliandika kwamba huyu ana kipaji cha pekee. Mimi naona hapo ndipo ukubwa wa mwalimu: anakupa sheria, halafu anajua siku ya kukuachilia.

Chopin aliondoka Warszawa mwanzoni mwa Novemba 1830. Kabla mwezi ule haujaisha, Wapolandi waliinuka kupigana na Urusi. Walishindwa mwaka wa 1831, na utawala wa Tsar ukafunga iniversite pamoja na shule ya muziki. Juu ya nini kuogopa watoto wanaopiga piano na fidla? Juu ya sababu moja: pale ambapo watu wamenyimwa nchi, shule inayowakusanya inaweza kuwa kama nchi ndogo.

Miaka 30 ilipita. Munaelewa? Kizazi kizima! Ni mwaka wa 1861 tu ndipo mpiga fidla Apolinary Kątski alifaulu kuifungua tena, sasa kwa jina la Taasisi ya Muziki. Stanisław Moniuszko, mtunzi mkubwa wa opera wa Wapolandi, alifundisha pale. Mwaka wa 1872 akaingia mtoto wa miaka 12, Ignacy Jan Paderewski. Alimaliza mwaka wa 1878, akafundisha piano pale pale, kiisha akawa maarufu duniani kote. Polandi iliporudi kuwa huru mwaka wa 1918, ni huyu mpiga piano aliyekuwa waziri mkuu mwaka uliofuata, na aliweka sahihi kwenye mkataba wa Versailles kwa jina la nchi yake. Wale wanaotuambia kwamba muziki si masomo ya watu wa maana, wamjibu Paderewski.

Mwaka wa 1919 serikali mpya iliichukua shule, ikawa konservatwari ya taifa. Lakini uhuru haukuondoa magomvi ya ndani. Mwaka wa 1927 mtunzi Karol Szymanowski alipewa uongozi. Alitaka masomo yafuate muziki mpya. Maprofesa wamoja walishikilia ya zamani. Mwaka wa 1929 aliondoka. Alirudi kama rekta mwaka wa 1930, na mwaka wa 1932 akaondoka tena. Sisi tunaojua mabishano ya iniversite hatushangai.

Halafu vita. Mwaka wa 1939 Wajerumani waliingia na kufunga masomo ya juu ya Wapolandi. Hata muziki wa Chopin ulikatazwa kupigwa hadharani. Masomo yakaingia manyumbani, kwa siri. Wahitimu wawili wa konservatwari, Witold Lutosławski na Andrzej Panufnik, walipiga piano mbili pamoja ndani ya mikahawa ili wapate kula. Walitayarisha vipande zaidi ya 200; kimoja tu ndicho kilichobaki. Warszawa ilipoharibiwa mwaka wa 1944, Panufnik alipoteza kazi zote alizokuwa ameandika. Jengo la shule nalo likaanguka.

Basi, jengo hakuna, karatasi hakuna. Walimu waliobaki walianza tena. Jengo jipya, kwenye barabara ya Okólnik, lilikamilika mwaka wa 1966 tu. Jina la Chopin lilikuja mwaka wa 1979, na tangu 2008 ni iniversite kamili.

Leo iko na fakulte za utunzi na uongozaji wa okestra, piano, vyombo vingine, uimbaji, kwaya na muziki wa kanisa, hata uhandisi wa sauti, na tawi katika muji wa Białystok. Rekta anachaguliwa kwa kura, na wanafunzi wako na sauti katika uchaguzi huo. Lakini nguvu yake inaanzia chini: Polandi iko na shule za muziki za daraja la kwanza kwa watoto, na za daraja la pili kwa vijana. Anayefika iniversite amekwisha kufanya mazoezi miaka mingi. Wao hawangojei mtu afike miaka 20 ndipo waanze kutafuta kipaji.

Mimi sisemi tuache kudai majengo. Tudai, ni haki yetu. Nasema tu kwamba kati ya Elsner na Kątski, na kati ya 1939 na 1966, kilichovusha shule ile ni mtu aliyejua kitu na akakubali kukifundisha kwa mwingine. Wewe uliyekwisha kupata diplome, mwaka huu umemfundisha nani?