Duka la mtandaoni na sarafu za majirani: namna ya kupanga bei bila kula hasara

BEI ya "Sh 3,000" ikiwekwa kwenye tovuti bila maelezo mengine, mteja wa Nairobi, wa Arusha na wa Kampala kila mmoja ataisoma kwa fedha ya kwao. Mkenya ataona bei ya mkoba wa ngozi. Mtanzania na Mganda wataona fedha ambayo huenda haitoshi sahani ya wali nyama.

Kenya, Tanzania na Uganda zilitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki hadi mwaka 1966, kila nchi ilipoanza kutoa yake. Itifaki ya Umoja wa Fedha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitiwa saini Kampala Novemba 30, 2013, lakini lengo la kuwa na sarafu moja mwaka 2024 halikufikiwa na limesogezwa hadi 2031. Kwa hiyo, mwenye duka la mtandaoni anayetaka wateja wa nchi jirani hana budi kushughulikia sarafu kadhaa yeye mwenyewe.

Kazi ya kuziweka kwenye tovuti si ngumu. Hasara hutokea kwenye hesabu zilizo nyuma yake.

Sarafu ya msingi

Hatua ya kwanza ni kuchagua sarafu moja ya msingi ambayo bei zote, gharama na vitabu vya hesabu vitaandikwa. Kwa kawaida ni ile ambayo mfanyabiashara hununulia mzigo na kulipia kodi. Anayenunua ngozi Mwanza na kushona mikoba Arusha aweke shilingi ya Tanzania, hata kama nusu ya wateja wake wako Kenya.

Programu nyingi za maduka hujengwa hivyo. WooCommerce, kwa mfano, huja na sarafu moja tu, na anayetaka nyingine huongeza programu ya nyongeza. Sarafu ya msingi ichaguliwe kabla ya kuanza kuuza, kwani kuibadilisha baadaye hakugeuzi tarakimu za bei: 60,000 hubaki 60,000, ila sasa inasomeka kama shilingi za Kenya.

Kila bei iandikwe kwa alama ya herufi tatu inayotambulika kimataifa: TZS, KES, UGX, RWF ya Rwanda, BIF ya Burundi na CDF ya Kongo. "Sh" na "/=" ziachwe kwa maduka ya mtaani.

Kuonyesha bei si kulipwa

Hapa ndipo wengi hukosea. Programu ya nyongeza inaweza kuonyesha bei kwa shilingi ya Kenya, lakini mteja akifika kwenye malipo akatozwa kwa shilingi ya Tanzania. Benki ya mteja hubadilisha fedha kwa kiwango chake na kuongeza ada. Mteja anayeona kiasi tofauti na alichoahidiwa huacha kikapu, au hununua mara moja asirudi tena.

Kabla ya kutangaza sarafu mpya, mfanyabiashara aiulize kampuni inayompokelea malipo, iwe Pesapal, DPO, Flutterwave au benki yake, maswali matatu: Je, inaweza kumtoza mteja kwa sarafu hiyo? Itamlipa mwenye duka kwa sarafu ipi? Na kama itabadilisha, ni kwa kiwango kipi na ada kiasi gani?

Malipo ya simu nayo yana mipaka. M-Pesa ya Kenya hutunza shilingi za Kenya, na ya Tanzania hutunza shilingi za Tanzania. Kongo watu hutumia dola na faranga kwa pamoja, na M-Pesa ya huko ina akaunti za sarafu zote mbili. Anayeuza Lubumbashi au Bukavu huenda akahitaji dola kuliko faranga.

Faida inakoyeyukia

Chukua mfano wa hesabu. Mkoba unauzwa TZS 60,000 na gharama yake ni 52,000, hivyo faida ni 8,000. Mwenye duka anasoma kwenye intaneti kwamba shilingi moja ya Kenya ni TZS 20, anaweka bei ya KES 3,000. Kampuni ya malipo inanunua shilingi ya Kenya kwa 19.2, hivyo anapata 57,600. Ikikata ada ya asilimia 3, yaani 1,728, zinabaki 55,872. Faida imeshuka kutoka 8,000 hadi 3,872. Zaidi ya nusu imepotea, na tovuti bado inaonyesha kuwa mauzo yamekwenda vizuri.

Dawa yake ni kutotumia kiwango cha katikati kinachotangazwa kwenye intaneti. Kiwango cha duka kianzie pale mnunuzi wa fedha anapolipa, kisha kiachiwe nafasi ya ada na ya kupanda na kushuka. Katika mfano huu, kiwango cha 18.5 kinatoa KES 3,243, ambayo ikizungushwa ni 3,250. Baada ya makato yale yale mwenye duka anapata TZS 60,528.

Kubadilika kwa viwango si jambo la nadharia. Mwishoni mwa Januari 2024 dola moja ilikuwa shilingi 160 hivi za Kenya. Mwanzoni mwa Aprili mwaka huo ilikuwa 130 hivi. Bei iliyowekwa kwa mkono na kusahaulika miezi mitatu humuumiza muuzaji au humfukuza mteja.

Kwa sarafu zinazouzwa kwa wingi, viwango vijisasishe vyenyewe mara moja kwa siku. Kwa faranga ya Burundi, ambako kumekuwa na pengo kubwa kati ya kiwango rasmi na cha mitaani, bei iwekwe kwa mkono baada ya kujua benki italipa kiasi gani hasa.

Senti na kuzungusha

Shilingi ya Uganda, faranga ya Rwanda na ya Burundi huandikwa bila senti katika mifumo ya malipo. Mfumo uliopangwa kwa senti mbili unaweza kusoma 45,000 kama 450, au kinyume chake. Idadi ya desimali iwekwe sifuri kwa sarafu hizo, na bei zizungushwe kwenda juu: KES kwa 50, UGX kwa 500 au 1,000.

Sheria

Nchini Tanzania, kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizoanza Machi 2025 zinakataza kutangaza bei au kudai malipo kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma zinazouzwa ndani ya nchi. Katazo si la dola pekee, kwani shilingi ya Kenya nayo ni fedha ya kigeni. Kwa hiyo mteja wa Dodoma aonyeshwe TZS tu, na sarafu nyingine zifunguke kwa oda inayopelekwa nje.

Tovuti isikisie nchi ya mteja kwa mtandao anaotumia peke yake. Namanga au Busia mtu mmoja hubeba laini za nchi mbili. Anwani ya kupelekewa mzigo ndiyo iamue.

Marejesho

Kila oda ihifadhi mambo matatu: sarafu aliyolipia mteja, kiasi, na kiwango cha siku hiyo. Mkoba ukirudishwa, mteja aliyelipa KES 3,250 arudishiwe KES 3,250. Tofauti ya kiwango, iwe faida au hasara, iandikwe peke yake kwenye vitabu ili isichanganywe na mauzo.

Kabla ya kufungua, mwenye duka anunue bidhaa moja ya bei ndogo kwa kila sarafu, asubiri fedha ziingie benki, kisha alinganishe kilichoingia na alichotarajia. Sarafu ambayo hesabu yake haikukubali isiwekwe kwanza. Kuanza na mbili zinazolipa ni bora kuliko kuwa na sita zinazopendeza kwenye tovuti tu.