Difu ya Gari Jepesi na Njia za Mau

Mvua za masika zinapoanza kunyesha juu ya milima ya Mau, barabara za udongo za Kuresoi hugeuka kuwa utelezi mtupu. Msafiri atokaye Molo kwenda Keringet au Olenguruone hukuta motokaa zimekwama kando ya njia na magunia yao ya viazi. Hebu itazame moja kwa makini. Injini yanguruma; gurudumu moja la nyuma lazunguka kwa kasi katika tope; na la pili, lililo juu ya ardhi ngumu, limetulia kama jiwe. Mpita njia humlaumu dereva. Fundi mwenye ujuzi huinama akatazama kile chombo cha chuma, cha mviringo kama chungu, kilicho katikati ya ekseli ya nyuma. Mafundi wetu hukiita difu. Ndani yake mna historia ndefu, nayo yafaa ijulikane na kila kijana atakaye siku moja kuunda gari jepesi la kutumika kwetu.

Motokaa ikipinda kona, gurudumu la nje husafiri mwendo mrefu kuliko la ndani. Kama yote mawili yangefungwa katika chuma kimoja, moja lingeburutwa. Katika miaka ya 1820 Mfaransa mmoja, fundi wa saa, jina lake Onésiphore Pecqueur, alibuni gia za kuondoa taabu hiyo katika gari la mvuke. Mwaka 1877 Mwingereza James Starley wa mji wa Coventry alilirudia wazo hilo kwa njia yake mwenyewe. Yasimuliwa kwamba alikuwa akiendesha baiskeli ya magurudumu matatu pamoja na mwanawe, wameketi bega kwa bega, kila mmoja akisukuma gurudumu la upande wake. Kijana alimshinda baba kwa nguvu, baiskeli ikaacha njia. Ndipo Starley akatafuta gia za kugawa nguvu sawa kwa sawa, kila gurudumu likiwa huru kwenda mwendo wake.

Ugawaji huo wa haki ndio chanzo cha taabu tuliyoiona Kuresoi. Gurudumu lililo katika tope halina cha kushika, kwa hiyo hutumia nguvu kidogo sana; na kwa kuwa difu hugawa sawa, gurudumu lililo pakavu nalo hupewa kidogo kile kile. Katika miaka ya 1930 wahandisi wa magari ya mashindano huko Ujerumani walianza kutumia difu inayozuia gurudumu moja lisizunguke peke yake. Dawa hiyo ni nzuri, lakini huongeza gharama, na hufanya usukani uwe mgumu kidogo katika kona.

Jambo la pili la kuchagua ni hesabu ya meno. Gia ndogo ikiwa na meno 10, na kubwa ikiwa na meno 41, shafti itokayo kwenye gia boksi huzunguka mara 4.1 gurudumu lizungukapo mara moja. Land Rover nyingi za miaka ya 1950 na 1960 zilikuwa na difu ya 4.7, Range Rover, iliyotoka mwaka 1970, ilipewa ya 3.54. Tuseme gurudumu lina mzingo wa mita 2, na gari laenda kilomita 100 kwa saa katika gia ambayo injini na shafti huzunguka sawa. Kwa difu ya 4.7 injini itazunguka kama mara 3,900 kwa dakika. Kwa ya 3.54 itazunguka mara 2,950. Ya kwanza hupanda mlima kwa urahisi. Ya pili hukimbia tambarare bila kuichosha injini. Hapana difu ishindayo nyingine mahali pote.

Historia ya mashindano ya Safari yatufundisha jambo la tatu. Yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1954, 1957 na 1962 ushindi ulikwenda kwa Volkswagen, motokaa ndogo isiyofika kilo 800. Injini yake ilikuwa nyuma, karibu na magurudumu yanayosukuma, na uzito huo uliyakandamiza yashike ardhi. Hivyo aundaye gari asipime uzito wote tu. Apime pia sehemu inayoyalemea magurudumu ya nyuma.

Tena yuko Joginder Singh, fundi na dereva aliyezaliwa Kericho mwaka 1932, ng'ambo ya pili ya milima hii ya Mau. Mwaka 1965 alishinda Safari pamoja na ndugu yake Jaswant, kwa Volvo iliyokwisha kutumika. Mwaka 1974 alishinda tena kwa Mitsubishi Lancer ndogo ya 1600, akiipita Porsche iliyoshika nafasi ya pili. Akarudia ushindi mwaka 1976. Motokaa zote hizo zilisukumwa na magurudumu mawili ya nyuma.

Tamaa ya kuunda gari jepesi la njia zetu haikuishia katika mashindano. Baadaye Mwingereza Joel Jackson alianzisha nchini Kenya kazi ya kuunda Mobius, gari la fremu ya mabomba ya chuma, lisilo na mapambo, likisukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Ekseli ya mbele isiyosukuma hupunguza uzito na bei. Lakini mzigo wote wa kupanda na kujikwamua huiangukia difu moja. Mwaka 2024 kampuni hiyo ilitangaza kwamba inataka kufunga, na swali lake likabaki kwetu.

Basi wewe mwanafunzi, ukipata siku moja fremu, injini na rundo la ekseli kuukuu, usichukue iliyo kubwa kwa kuwa ni kubwa. Ekseli nzito chini ya gari jepesi hurukaruka kwenye mashimo, na gurudumu lililo hewani halisukumi kitu. Inua gari, zungusha magurudumu yote mawili mzunguko mmoja, hesabu shafti imezunguka mara ngapi. Kisha jiulize: gari hili litabeba nini, na litapanda wapi? Wa Kuresoi atajibu viazi, mlima na tope. Wa Nakuru mjini atajibu lami na abiria. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.