Maji ya Haridwar

Mji wa Haridwar umekaa pale ambapo mto Ganga unaagana na milima ya Himalaya na kuanza safari yake ndefu ya tambarare, baada ya kuteremka kama kilomita 250 kutoka kwenye barafu ya Gangotri. Wafuasi wa Vishnu huuita Haridwar, yaani lango la Hari. Wale wa Shiva husema Hardwar, lango la Hara. Ubishi huo wa irabu moja ni wa kale, wala hauna haja ya kuamuliwa, kwa maana wote huteremka ngazi zilezile za Har-ki-Pauri kuoga, na wote huamini kwamba maji yale huondoa dhambi na kuwafungulia wafu njia.

Mgeni husimuliwa mengi juu ya mto huo mtakatifu. Ni nadra aambiwe kuwa maji yapitayo mbele ya ngazi hizo yameelekezwa na mikono ya watu. Mkondo mkuu uko upande wa mashariki. Upitao Har-ki-Pauri ni mkono wa mto unaoongozwa kwa kuta na milango, na sehemu kubwa ya maji yake huishia kwenye mfereji wa kumwagilia mashamba. Mwenye shaka na afike baina ya sikukuu za Dussehra na Diwali, mfereji unapofungwa ili usafishwe. Maji hupungua hata mawe ya chini yakaonekana, na watu huingia kuokota sarafu walizotupa mahujaji mwaka mzima.

Asili ya jambo hili ni njaa. Mwaka 1837 na 1838 mvua zilikosekana katika nchi iliyo kati ya Ganga na Yamuna, na watu wapatao laki nane wakafa. Proby Cautley, mwanajeshi wa mizinga wa Kampuni ya India ya Mashariki, alikuwa na shauri la kuyatoa maji ya Ganga pale Haridwar na kuyapeleka mashambani. Kazi ilianza 1842. Hapakuwa na matofali ya kutosha, ikabidi yafyatuliwe na kuchomwa palepale, na chokaa vilevile. Vijito vya milimani, vikavu miezi mingi na vikali wakati wa masika, vilikatiza njia ya mfereji. Vingine vilipitishwa juu yake, na penye mto Solani, karibu na Roorkee, ni mfereji uliopandishwa juu ya mto kwa daraja la matao, likilindwa na sanamu za simba. Palepale Roorkee kilianzishwa chuo cha wahandisi mwaka 1847, kwa kuwa kazi ilihitaji watu waliofunzwa. Maji yalifunguliwa tarehe 8 Aprili 1854.

Makuhani wa Haridwar walikuwa wamepinga. Kwao Ganga ni mama, na mama hafungwi. Cautley aliwakubalia kuacha uwazi katika bwawa ambamo maji yangepita bila kuzuiwa, akazikarabati ngazi za kuogea, na ibada ya Ganesha ikafanywa. Naona hapo palikuwa na busara kuliko tunavyotarajia kwa watawala wa aina ile, ingawa huenda ilikuwa hesabu tu ya mtu asiyetaka ghasia.

Makubaliano hayo hayakudumu. Serikali ilipotaka kujenga bwawa la kudumu, ugomvi ulizuka tena kuanzia 1914, safari hii ukiongozwa na Madan Mohan Malaviya. Desemba 1916 maofisa, watawala wa Kihindi na viongozi wa dini walikutana Haridwar, na serikali ikaahidi kuwa uwazi ule hautazibwa na kuwa maji hayatakosekana Har-ki-Pauri. Karne moja baadaye, 2016, serikali ya jimbo la Uttarakhand iliuandika mkondo huo katika amri zake kuwa ni mfereji tu. Makuhani wakanuna, na 2020 amri ikafutwa. Maji yalikuwa yaleyale siku zote.

Wageni wengi hupanda milimani wakitafuta baridi. Huko ziko Mussoorie, yenye mwinuko wa kama mita 2,000, alikokaa mpima ardhi George Everest, na Rishikesh, ambako Beatles walikwenda kujifunza kutafakari mwaka 1968. Mimi huona safari ifaayo ni ya kuufuata mto wenyewe hadi Devprayag, ambapo Bhagirathi na Alaknanda hukutana na ndipo jina la Ganga huanza rasmi, kisha kushika njia ya Bhagirathi hadi Tehri. Hapo pamesimama bwawa lenye kimo cha mita 260. Mji wa kale wa Tehri umelala chini ya maji tangu 2005. Sunderlal Bahuguna alifunga kula mara kadhaa kulipinga, lakini lilijengwa, na sehemu ya maji yake hufika mabombani Delhi kwa kupitia mfereji uleule wa Cautley.

Aliyekwenda mbali zaidi ni G. D. Agrawal. Alisomea uhandisi Roorkee, katika chuo kile kilichozaliwa na mfereji, akaanza kazi idara ya umwagiliaji, kisha akafundisha chuo kikuu. Uzeeni akavaa mavazi ya utawa. Tarehe 22 Juni 2018 alianza kufunga huko Haridwar, akitaka sheria ya kuulinda mto na miradi ya umeme iliyokuwa ikijengwa juu milimani isimamishwe. Aliishi kwa maji na asali, na mwishoni akayaacha hata maji. Alifariki hospitalini Rishikesh tarehe 11 Oktoba, akiwa na umri wa miaka 86.