Sandik: Neno la Ayeeyo Lilitangulia Maabara

Wasee, leo hakuna umbea wa mastaa. Leo tunaongea kuhusu damu, na kuhusu neno moja ambalo ayeeyo wangu alikuwa nalo miaka yote na hakuna mtu wa ofisi aliyewahi kumuuliza.

Neno ni sandik. Kwa Kisomali san ni pua, dhiig ni damu. Pua ya damu. Ndivyo wafugaji wa huku kwetu Kaskazini Mashariki wanavyouita ugonjwa ambao vitabu vinauita Homa ya Bonde la Ufa. Kondoo wanatupa mimba, wana-kondoo wanakufa mmoja baada ya mwingine, halafu unaona damu puani mwa mnyama.

Rudi nyuma hadi mwisho wa 1997. Mvua za El Niño zilipiga Garissa mpaka barabara zikakatika. Ayeeyo anasema nje kulikuwa bahari, na mbu walikuwa wengi hata kula ilikuwa noma. Ungefanya nini na mbuzi wako? Waliwaingiza ndani, wakalala nao nyumba moja.

Desemba hiyo, vifo 170 vya watu waliotokwa na damu vikaripotiwa wilaya ya Garissa. Sampuli zikapelekwa Afrika Kusini na Marekani ndipo jibu likapatikana. Baadaye watafiti wakakadiria kwamba watu kama 27,500 waliambukizwa katika wilaya hiyo moja. Na walipotafuta nani alikuwa hatarini zaidi, mambo mawili yalijitokeza: kugusa damu na majimaji ya kondoo, na kulaza mifugo ndani ya nyumba. Yaani kile kitendo cha kuokoa mali ndicho kilichofungua mlango.

Kinachoniuma ni kwamba kirusi hiki si mgeni. Kilitambuliwa hapa hapa Kenya, kwenye shamba karibu na Ziwa Naivasha, na Daubney, Hudson na Garnham wakakiandika 1931. Miaka 66 kabla ya Garissa!

Sasa kwa nini pua? Hapa nitatumia ile elimu kidogo niliyobaki nayo. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda, lakini kipindi kimoja hakijawahi kunitoka kichwani: kile cha thrombini.

Ini lako linatengeneza protini inayoitwa prothrombini. Inazunguka kwenye damu ikiwa imelala. Ukijikata, mwili unaigeuza kuwa thrombini, na thrombini ni kisu. Inakata protini nyingine inayoitwa faibrinojeni, vipande vinashikana kuwa nyuzi, nyuzi zinafuma wavu, damu inaganda. Hiyo wengi tuliisoma sekondari.

Kitu ambacho hatukuambiwa ni kwamba kisu hicho pia hupeleka habari. Mwaka 1991 kikundi cha Shaun Coughlin kule San Francisco kilionyesha jinsi gani. Juu ya chembe sahani, zile chembe ndogo zinazoziba kidonda, kuna kipokezi chenye mkia unaoning'inia nje. Kwa kawaida kipokezi husubiri ufunguo utoke mahali pengine. Hiki kimebeba ufunguo wake mwenyewe, umefichwa kwenye mkia. Thrombini inakata mkia, ncha mpya inajikunja, inajichomeka pale pale, na chembe inaamka. Ukishakatwa haurudi, kipokezi hicho kimemaliza kazi yake. Vipokezi kama hivyo viko pia kwenye kuta za mishipa. Vikiamshwa vinaita chembe za kinga, uvimbe unaanza, na ukuta wenyewe unaweza kuanza kuvuja. Dawa ile ile, manze, ikizidi inakuwa sumu.

Weka hayo kando ya sandik. Wengi wanaoambukizwa wanapata homa na kupona. Lakini wachache sana, chini ya mmoja kati ya mia, wanafika hatua ya kuvuja damu, na karibu nusu ya hao wanakufa. Kirusi hushambulia ini, kiwanda chenyewe cha prothrombini. Wakati huo huo mishipa inaumia, mfumo wa kugandisha unawashwa kila mahali, na malighafi inaisha. Mwili unaganda ovyo mpaka hauna cha kugandishia. Hapo damu inatokea palipo rahisi, kwenye fizi, kwenye ngozi, kwenye pua.

Kwa hiyo neno sandik lilikuwa sahihi. Mfugaji hakujua kipokezi wala ini linatengeneza nini, lakini macho yake yalikuwa yameshika dalili yenyewe ya mfumo huo kuanguka.

Halafu ikarudi. Mwisho wa 2006, kabla ya mgonjwa wa kwanza, Assaf Anyamba na wenzake wa NASA walikuwa wameshaona kwa setilaiti kwamba hatari inakuja. Desemba ikathibitishwa, tena Garissa. Hadi Machi 2007 Kenya ilikuwa imehesabu wagonjwa 684 na vifo 155. Watafiti walipokuja kuwahoji wafugaji wetu baadaye, walikuta watu wanaotaja dalili kwa usahihi, na wanaokumbuka kwamba mvua ilitangulia, kisha mbu, kisha mifugo, ndipo watu.

Soma huo mpangilio tena. Mifugo, ndipo watu. Kati ya hapo na hapo kuna muda wa mtu kupiga simu na mtu mwingine kupokea. Setilaiti ilikuwepo, ayeeyo alikuwepo. Waliokosekana ni watu wa katikati.

Mayai ya mbu wenye kirusi hukaa kwenye udongo mkavu miaka mingi yakingoja mafuriko. Chanjo ya mifugo ipo, lakini ni ya kuchanja mapema, kabla ugonjwa haujaingia.

Kwa hiyo mvua kubwa ijayo, ukisikia mzee wa Ijara au Balambala anasema sandik, usimcheke ati ni mambo ya kijijini. Usimguse yule kondoo kwa mikono mitupu, usinywe maziwa mabichi, na mpigie daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Halafu kaa chini na ayeeyo wako, umuulize kuna maneno gani mengine anayoyajua ambayo bado hakuna aliyemuuliza.