Chumvi ya Katwe na Ujirani Wetu

Leo tuzungumze juu ya chumvi.

Zamani chumvi haikutoka dukani. Waliokaa mbali na maziwa ya chumvi walichoma majani ya mabwawa, wakachuja majivu kwa maji, wakachemsha mpaka chumvi ikabaki chunguni. Kazi ilikuwa kubwa, chumvi kidogo. Ndiyo sababu watu wa Kivu walitafuta sana chumvi ya Katwe.

Katwe ni ziwa dogo upande wa Uganda, karibu na Ziwa Edward. Maji yake hayana njia ya kutoka. Watu huchimba vidimbwi kando yake, jua hukausha maji, chumvi hubaki. Kila kidimbwi kina mwenyewe, na mtoto hukirithi. Mitumbwi iliivusha chumvi hiyo hadi upande wetu, ikabadilishwa kwa vyakula. Wenye lugha mbalimbali walikutana, kwa sababu kila mmoja alikuwa na kitu ambacho mwenzake alikosa.

Lakini msidhani ilikuwa amani tupu. Wakubwa waliigombania. Mfalme Kabalega wa Bunyoro aliishika Katwe. Mwaka 1891 Mwingereza Lugard aliitwaa, akajenga ngome. Baadaye wakoloni walipitisha mpaka ndani ya Ziwa Edward. Ngome ile haina kazi tena. Vidimbwi vya wanakijiji vingali vinatoa chumvi.

Leo chumvi yenye iyodi inapatikana dukani, na ni vema, kwani inakinga rovu. Watoto wetu wengi hawajui tena kuchuja majivu. Desturi hubadilika. Ila sheria moja tusiipoteze: mali inayotegemewa na wengi huhitaji mapatano yanayojulikana na wote.

Wazee wetu machifu, kambi inapoingia kijijini kwenu, msingoje watu wapigane kisimani. Waiteni wenyeji na waliokimbia vita, wanawake wakiwemo, kwa kuwa ndio wanaoteka maji. Patanani: nani anateka saa ngapi, kuni zinakatwa wapi, nani anatengeneza kinachoharibika. Nanyi mliokimbia, yashikeni mapatano hayo kama ya kwenu.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.