Mlio wa Land Rover ya Mjomba

Ndugu msomaji, kama hujawahi kuteremka kutoka Magamba kwenda Lushoto ndani ya Land Rover ambayo giaboksi lake linalia kama mbuzi aliyesahaulika juani, basi bado hujakumbuka sala zako zote. Mimi nilizikumbuka, hata zile za utotoni. Historia ninayoandika hapa imeanzia kwenye mlio huo.

Zamani Usambara ilikuwa nchi ya miguu. Wamisionari wa Kijerumani walipofika Mlalo mwaka 1891 hapakuwa na reli wala gari. Reli ya kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, lakini ilibaki kule chini tambarare, na mlima ukabaki mlima. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza wakaleta mpango wao wa kuhifadhi udongo bonde la Mlalo, watu wakaamriwa kulima matuta, watu wakakataa, na kabla ya Uhuru mpango ukafa. Katikati ya mvutano huo, mwaka 1948, Land Rover ikazinduliwa Ulaya. Marehemu bibi alikuwa akisema ukisikia gari linapanda unatazama kwanza matuta yako, maana hujui bwana shamba amekuja na nini. Kumbe hata yeye alikuwa anasikiliza injini!

Ya mjomba ni Series IIA, toleo lililotengenezwa kati ya 1961 na 1971. Aliinunua mnadani mwaka 1979, miaka ya dhiki, wakati spea zilitafutwa kama dawa. Mwaka 1984 serikali iliporuhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, mambo yalianza kulegea, na baadaye magari ya Kijapani yakajaa. Mafundi wa Land Rover nao wakazeeka mmoja mmoja.

Basi gari likaanza kulia. Gereji moja ya mjini wakasema eti giaboksi zima limekufa, linunuliwe jingine. Bei yake ilikuwa ng'ombe wawili pamoja na kipande cha shamba bondeni, lile la bibi. Mjomba alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akaniambia twende kwa mzee fulani hapa hapa Mlalo, fundi wa siku nyingi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Washa."

Hakushika spana. Gari likaunguruma, gia huru, mguu nje ya klachi, na mlio ule ukasikika. "Kanyaga klachi." Mlio ukafa. "Achia." Ukarudi. Mzee akanigeukia mimi, labda kwa sababu nilikuwa na daftari. Akasema mlio ungeanza pale unapokanyaga, ugonjwa ungekuwa beringi inayosukuma klachi. Lakini huu unakufa ukikanyaga, kwa sababu klachi imeitenganisha injini na giaboksi, na vya ndani vimesimama. Basi mgonjwa yumo ndani.

Tukaenda barabarani. Gia ya pili, kelele tupu. Ya tatu, kelele. Ya nne, karibu kimya. Hapo mzee akacheka. Katika gia ya nne nguvu hupita moja kwa moja, na shafti ya chini huzunguka bila mzigo. Katika gia nyingine mzigo wote hupitia kwake. Mimi nikadakia kwamba hata kule kukwaruza gia ya kwanza ni dalili. Wapi! Akanikata: Series IIA haina kilainishi cha gia ya kwanza wala ya pili, kwa hiyo dereva hukanyaga klachi mara mbili anaporudisha gia. "Huo si ugonjwa, mwanangu, ni uvivu wa mguu." Mjomba akatazama dirishani.

Oili ilipomwagwa ilikuja na chembe zinazong'aa kama samaki wachanga. Giaboksi likashushwa, likafunguliwa. Meno yote yalikuwa mazima. Beringi ya shafti ya chini ndiyo ilikuwa imechimbika, imejaa vidonda. Tuliipata nyingine Tanga baada ya kuzunguka maduka kutwa nzima. Bei yake haikufika hata ya mbuzi, na shamba la bibi msimu ule tulipanda kabichi.

Siku ya kuondoka mzee aliinama dirishani kwa mjomba.

"Sasa bwana, ukiteremka Soni usiweke gia huru kwa kubana mafuta. Weka ya pili, uisikilize."

Mjomba akaweka ya pili. Alikanyaga klachi mara mbili.